Kufundisha Mpira Watoto Wanaoanza: Mwongozo kwa Kocha wa Kiwanja Kidogo Kariakoo

Kariakoo ina makocha wa aina mbili. Wa kwanza utamkuta kijiweni: anajua Simba ilipaswa kumtoa nani dakika ya 60, na Yanga inahitaji beki gani dirisha lijalo la usajili. Wa pili anatoka nyumbani alasiri na mfuko wa wavu begani, mipira michache ndani, anaelekea kwenye kipande cha ardhi ambako watoto wanamsubiri na nusu yao hawajui hata kuutuliza mpira. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili. Ni wa yule wa kwanza pia, siku akiamua kuinuka kwenye benchi.

Hapa mpira uko nyumbani kwao. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyopitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Jengo la Simba liko Mtaa wa Msimbazi, la Yanga liko kona ya Twiga na Jangwani, na kutoka moja hadi jingine unakwenda kwa miguu. Ndiyo maana mechi yao huitwa Dabi ya Kariakoo hata inapochezwa Temeke, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi ya watu 60,000. Ukifundisha watoto kati ya majengo hayo mawili, kila mtu atakuuliza utapanda lini. Utakwenda timu gani? Umeshapeleka nani?

Jibu langu ni kwamba kumfundisha anayeanza ni kazi iliyokamilika. Si ngazi ya kupandia kwenda kwingine. Mchezaji wa klabu kubwa akifundishwa miezi mitatu, anaongeza kitu kidogo ambacho jicho la kawaida halikioni. Mtoto aliyekuwa akiuruka mpira Jumamosi, Jumamosi ijayo anausubiri, na mwezi ujao anauita kwa sauti: "Lete!" Hakuna kocha wa uwanja mkubwa anayeonja badiliko la namna hiyo kila wiki. Wewe utalionja, ukijua namna ya kulitengeneza.

Kiwanja na wenye kiwanja

Katikati ya jiji ardhi ya wazi ni adimu. Nyumba za Kiswahili zenye ua zimevunjwa moja baada ya nyingine, maghorofa yameshika mitaa, na mtoto wa ghorofa ya sita anafanyia chenga zake kwenye korido mpaka jirani agonge mlango. Viwanja vilivyosalia vina historia na vina wenyewe. Mnazi Mmoja ilibaki wazi kwa sababu utawala wa Waingereza uliitaka iwe ukanda wa kutenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Leo ni mahali pa kupumzika na pa shughuli za kitaifa, kwa hiyo usiende kupanga koni bila kuuliza. Kidongo Chekundu kuna Kituo cha Michezo cha Vijana cha Jakaya Kikwete, kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano wa kampuni ya umeme ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Jina la Sunderland likawa limerudi mitaa ileile ambako Simba waliwahi kulivaa. Jangwani kuna nafasi, lakini ni bonde la Mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi bondeni wakahamishiwa Mabwepande, na hata mvua za kawaida hugeuza kiwanja kuwa tope. Masika, Machi hadi Mei, usiitegemee Jangwani peke yake.

Mara nyingi suluhisho ni uwanja wa shule. Fuata mpango huu:

1. Anza ofisi ya serikali ya mtaa. Muone mwenyekiti na mtendaji, jieleze unakaa wapi na unataka kufanya nini, omba barua ya utambulisho.
2. Nenda na barua hiyo kwa mwalimu mkuu au msimamizi wa kiwanja. Omba kidogo: kona moja, siku mbili, muda unaojulikana.
3. Kundi likishakuwa timu yenye jina, muone ofisa michezo wa Jiji la Dar es Salaam (Ilala ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2021) akuelekeze namna ya kusajili kwa msajili wa vyama na vilabu vya michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na kujiunga na chama cha soka cha wilaya.

Unapoomba, sema kitu unachoweza kukitimiza. "Shikamoo mzee. Naomba kona ile Jumamosi na Jumapili, saa kumi mpaka kumi na mbili kasoro robo. Tutapaacha pasafi kuliko tulivyopakuta." Kisha paache pasafi kweli. Barua inakufungulia lango mara ya kwanza. Mara ya pili linafunguliwa na ufagio.

Usihangaike na ukubwa. Mita 30 kwa 20 zinatosha wanne kucheza na wanne, na kwa mtoto anayeanza huo ni uwanja bora kuliko ule mkubwa, kwa kuwa mpira haukai mbali naye.

Vifaa: nunua vichache, nunua sahihi

Uko Kariakoo, na jezi na mipira imening'inia kila upande. Hapo ndipo makocha wapya wanapomaliza fedha kwenye jezi zenye majina mgongoni, halafu watoto ishirini wanagombea mpira mmoja. Fedha yako ya kwanza iende kwenye mipira. Saizi ni hizi: namba 3 kwa walio chini ya miaka minane, namba 4 kwa miaka minane hadi kumi na miwili, namba 5 kuanzia kumi na mitatu. Namba 5 ina uzito wa gramu 410 hadi 450 na mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Ukimpa mtoto wa miaka saba, atajifunza kuupiga kwa ncha ya kidole kwa sababu mguu wake hauna nguvu nyingine ya kuusogeza. Wauzaji watakupa namba 5 kwa mazoea. Igeuze, soma namba, rudisha.

Kabla ya kulipa, jaza upepo, uache mpira uanguke kutoka usawa wa kiuno, kisha uuzungushe chini. Unaoyumba ukibiringika una mshono mbaya. Ule mwepesi wa plastiki unaopeperuka na upepo uache. Nunua pampu na sindano mbili, kwa sababu moja itavunjika.

Vingine tengeneza. Chupa za maji zenye mchanga ni koni. Fulana kuukuu za rangi mbili zinatenganisha timu. Ndala mbili ni goli, na goli dogo linalazimisha kulenga. Njumu usizidai kamwe. Ukiweka sharti la njumu umeshawaondoa watoto ambao kiwanja chako kiliwekwa kwa ajili yao. Raba zinatosha, na siku wengine wakija peku, mazoezi ya kugombea mpira kwa karibu yapange kwa makundi: peku kwa peku, raba kwa raba.

Siku na saa

Ratiba ya mtoto wa Kariakoo imejaa kuliko unavyodhani. Kuna shule, kuna tuisheni, kuna chuo (madrasa) alasiri, kuna kutumwa, na kuna dukani kwa baba ambako jicho lake linahitajika siku ya wateja wengi. Kabla ya kutangaza saa, uliza kwa maalimu wa madrasa ya karibu na kwa wazazi watatu wanne. Kwa kawaida saa kumi hadi kumi na mbili kasoro robo jioni inakubalika: jua limelegea, na watoto wanafika nyumbani kabla ya magharibi. Jumapili soko hupumua kidogo, watoto wa wafanyabiashara hupatikana, na walioenda kanisani wamesharudi. Ramadhani ikiingia punguza muda, ondoa mbio, fundisha vitu vya kusimama na mpira. Desemba hadi Machi joto ni kali. Maji yawe karibu na wanywe kila baada ya dakika kumi na tano bila kuomba ruhusa.

Atakayechelewa mpokee. Mara nyingi alikuwa ametumwa, na aliyemtuma si yeye. Mpe mpira aingie, usimsimamishe pembeni kama mfano kwa wengine.

Siku ya kwanza

Fika nusu saa mapema. Tembea kiwanja chote ukiokota vizibo, waya, misumari na vipande vya chupa. Watoto wakikukuta umeinama watainama nawe, na hilo ni somo lako la kwanza bila maneno.

Wakifika usiwapange mstari kuwahutubia. Tupa mipira katikati, waache wacheze watakavyo dakika kumi, wewe tazama. Mwenye kipaji atajionyesha mwenyewe, hana haja ya kutafutwa. Macho yako yawatafute wengine: nani anausogelea mpira kisha anarudi nyuma? Nani anacheka kwa sauti kubwa kila akikosea ili wengine wasiwahi kumcheka? Nani hajaugusa mpaka sasa? Hao ndio wanafunzi wako wa wiki hiyo.

Shika majina. "Wewe mwenye fulana nyekundu" hamfundishi mtu. Kama majina yanakupotea, pitishaneni mpira kwenye duara, kila anayepiga ataje jina la anayempelekea. Ukikosea wewe, zunguka duara mbio. Watafurahi, na mzunguko wa tatu utakuwa umewashika wote.

Mgawanyo wa saa moja na nusu unaofaa kwa wanaoanza ni huu: dakika kumi za kila mtoto na mpira wake, au wawili kwa mmoja, dakika ishirini na tano za somo moja, mapumziko ya maji, dakika thelathini na tano za mechi ndogo wanne kwa wanne bila kipa, dakika tano za kukaa chini na kuulizana. Muda unaobaki utaliwa na kamba za viatu. Kipimo cha mazoezi mazuri ni kuhesabu: chagua mtoto mmoja dhaifu, hesabu mara anazogusa mpira. Ukikuta amesimama kwenye foleni muda mrefu kuliko alivyocheza, kata kundi mara mbili.

Somo moja hatua kwa hatua: pasi ya ubavu wa ndani wa mguu

Watoto wetu wanakuja na utajiri wa chandimu. Mchezo wa uchochoroni, kwa mpira wa soksi na magazeti, umewafundisha danadana, chenga na kupiga tobo mahali ambapo huna hata hatua mbili za kukimbilia. Usiwavue utajiri huo. Kinachokosekana mara nyingi ni pasi, maana uchochoroni anayetoa pasi harudishiwi. Kwa hiyo anza na pasi.

Kabla hujamfundisha mtu, ipige mwenyewe polepole mara kumi ukijiuliza mwili unafanya nini. Utashangaa. Umeipiga miaka yote bila kujua kwamba kazi kubwa inafanywa na mguu usiopiga: unakaa kando ya mpira, umbali wa kiganja kimoja, na kidole gumba kinaelekea unakotaka pasi iende. Kifundo cha mguu unaopiga kinakazwa. Goti limelegea kidogo. Macho yapo kwenye mpira wakati wa kuupiga, na yalishatazama mbele kabla ya hapo. Kufundisha kunakurudisha uanafunzi juu ya mguu wako mwenyewe, na hiyo ni moja ya sababu za watu kuipenda kazi hii wakashindwa kuiacha.

Sasa wafundishe hivi:

1. Onyesha mara tatu bila maelezo. Mara ya kwanza watazame mpira, mara ya pili mguu unaopiga, mara ya tatu mguu uliosimama. Waambie tu wapi pa kutazama.
2. Wapange wawili wawili, hatua tano kati yao. Mpira usimame kabla ya kupigwa. Haraka haina nafasi hapa.
3. Toa neno moja tu la kukumbuka: "Kidole!" Maana yake kidole cha mguu uliosimama kielekee kwa mwenzako. Neno hilo litumie jioni nzima.
4. Pasi zikinyooka, ongeza mlango: ndala mbili kati yao, mpira upite katikati. Atakayepitisha tano arudi nyuma hatua moja.
5. Kisha waondoe kwenye kusimama. Anayepokea asogee kushoto au kulia na kuita. Hapo mpigaji analazimika kuinua macho.
6. Maliza kwa mechi ambayo goli linahesabiwa tu ikiwa kabla yake zimepigwa pasi tatu. Watapiga kelele kwamba haiwezekani. Waache. Baada ya muda mtoto mmoja ataanza kuhesabu kwa sauti, na timu nzima itamfuata.

Usifundishe kitu cha pili siku hiyo, hata ukiona wanapokea vibaya, hata ukiona mikono imelegea. Somo moja likishika, la pili lina pa kusimama.

Kusahihisha bila kuvunja

Kocha wa mstari wa pembeni anayepayuka mechi nzima anajifurahisha mwenyewe. Mtoto hawezi kusikiliza maagizo sita na kucheza kwa wakati mmoja. Jiwekee sheria tatu.

Sahihisha kosa moja, lile linalozaa mengine. Mpira unaopaa juu kila mara una sababu nyingi, lakini mara nyingi mguu uliosimama uko nyuma sana ya mpira. Rekebisha huo, mengine yatajipanga.

Sifia kitendo, usisifie mtu. "Wewe ni Messi" haimwambii afanye nini kesho. "Umetazama kabla ya kupokea, ndiyo maana ulipata muda" inamwambia. Hata aliyekosea ana kitu cha kusifiwa: aliita, alirudi kukaba, alimpa mkono aliyeanguka.

Kosa kubwa lisemwe karibu na kwa sauti ndogo. Chuchumaa, macho yenu yawe sawa. Kila mtoto ana jirani yake pale anayesubiri kwenda kusimulia ngazini. Na fimbo isionekane kiwanjani kwako, wala adhabu ya kupiga pushapu kwa sababu ya pasi mbovu. Mtoto akiadhibiwa kwa mpira atauchukia mpira, na aliyekuja kwa mapenzi ataondoka bila mapenzi hayo.

Anayeogopa, anayejua sana, na wasichana

Anayeogopa mpira ana sababu, mara nyingi ameshapigwa nao usoni. Usimwambie "usiogope." Chukua mpira uliopungua upepo, umviringishie kwa mkono akiwa ameketi, ausimamishe kwa unyayo. Kisha asimame. Kisha uviringishe kwa mguu. Kisha uongeze upepo. Hatua hizi zinaweza kuchukua jioni moja au mwezi. Muda ni wake. Siku atakaposimamisha shuti la mwenzake bila kufumba macho, nyamaza kidogo umwangalie usoni. Malipo yako ya mwezi yako pale.

Anayejua sana anahitaji kazi ngumu zaidi, la sivyo atawafanya wenzake koni. Mpe sheria ya kugusa mara mbili tu, au atumie mguu wake dhaifu, au timu yake iwe na mtu pungufu. Usimfanye msaidizi wako kila siku. Naye ni mtoto, alikuja kucheza.

Wasichana wakaribishe kwa vitendo: tangaza kwa jina kwamba nafasi ni za wote, zungumza na mama zao ana kwa ana, ruhusu suruali ndefu na hijabu ya michezo, tafuta mwanamke mzima wa kuwepo kiwanjani, na hakikisha kuna choo cha karibu. Mzazi akisita una mifano ya kumpa. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, na Clara Luvanga amechezea Al Nassr ya Saudi Arabia. Lakini mfano unaoshinda yote ni binti wa jirani aliyeanza mwezi uliopita na bado anakuja.

Mlango huohuo uwe wazi kwa mtoto mwenye ulemavu. Shule ya Uhuru Mchanganyiko iko hapahapa jirani, na imekuwa ikiwasomesha pamoja watoto wasioona, wenye ulemavu mwingine na wasio na ulemavu. Mtoto mwenye ualbino mpe kofia, fulana ya mikono mirefu na upande wenye kivuli. Mwenye uoni hafifu mpe mpira wa rangi kali na wenzake wamwite kwa jina kabla ya pasi.

Simba na Yanga kiwanjani

Huwezi kuufuta ushabiki Kariakoo, na usijaribu. Utumie. Wiki ya dabi watoto wanakuja wamechemka. Waulize nani aliona kiungo gani alifanya nini bila mpira, waonyeshe. Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba ilipofika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025, darasa la kukaba kwa pamoja lilijifundisha lenyewe kwenye televisheni. Jambo moja likatae: kugawa timu za mazoezi kwa Simba na Yanga. Ukifanya hivyo umegawa na wazazi. Gawa kwa mwezi wa kuzaliwa, badilisha kila wiki.

Usalama usio na mjadala

Barabara ni hatari kuliko mchezo wenyewe. Mtaa wa Msimbazi una njia ya mwendokasi inayokwenda Gerezani, na bodaboda hazisubiri taa. Panga kundi la kuvuka: wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati, mtu mzima mmoja barabarani. Usiwaachie watawanyike kila mtu na njia yake.

Kichwa ni cha kuhifadhiwa. Shirikisho la soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kuwazuia watoto wa miaka kumi na chini kupiga mpira kwa kichwa, na Uingereza mwaka 2020 ikatoa mwongozo wa kuondoa zoezi hilo kwa watoto wa shule za msingi. Fuata busara hiyo. Kuna mengi ya kufundisha kwa miguu. Mtoto akigongwa kichwa akatoa macho au kutapika, amemaliza kucheza siku hiyo, na hospitali ni sasa hivi pamoja na mzazi wake. Beba bandeji, maji safi na sabuni; barafu omba kwa muuza vinywaji. Ngurumo ikisikika, ondokeni uwanjani.

Jingine ni ulinzi wa mtoto dhidi ya watu wazima, wewe ukiwemo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda dhidi ya ukatili na unyanyasaji, na kiwanja chako kimo ndani ya sheria hiyo. Usibaki na mtoto mmoja mahali pa faragha, usimchukue kwenye pikipiki yako bila mzazi kujua, usimtumie ujumbe wa siri. Mawasiliano yapitie kwa mzazi. Mazoezi yawe mahali panapoonekana. Ukiona au kuambiwa jambo baya, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, na mjulishe ofisa ustawi wa jamii.

Wazazi na fedha

Mzazi wa Kariakoo ni mfanyabiashara. Anataka kujua anatoa nini na anapata nini. Mwambie ukweli tangu mwanzo. Nchi nzima ilimwona Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, akipita Simba, TP Mazembe na Genk hadi Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020. Mzee wa duka la vitambaa atakuuliza kama mwanawe atakuwa huyo. Usiahidi. Mjibu: "Baba Hamisi, mimi nitamfundisha kupokea, kutoa, kusikiliza na kushindwa bila kulia. Hayo mengine hakuna anayeyajua." Wengi wataheshimu jibu hilo kuliko hadithi za mawakala.

Kama unatoza ada, iwe ndogo, iandikwe kwenye daftari linaloonekana, na asiyekuwa nayo acheze. Mwenye duka anaweza kutoa mpira badala ya fedha. Mama lishe anaweza kutoa ndizi siku ya bonanza. Soma hesabu mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi, hata kama ni ya pampu na sindano. Usitegemee ada hizi kulisha nyumba yako. Wengi wanaofundisha muda mrefu wana kazi nyingine asubuhi, na hilo huwalinda: hawalazimiki kumuuza mtoto ili walipe kodi.

Mtoto akiondoka, kocha akibaki

Siku itafika akademi kubwa itamtaka mtoto wako bora, au familia itahamia Chanika kwa sababu nyumba yao imeuzwa kujengwa ghorofa. Muage vizuri. Mwandikie mzazi karatasi moja: anajua nini, anahitaji nini, ana jeraha gani la zamani. Usidai malipo kwa ajili yake. Kisha Jumamosi inayofuata geukia mtoto mpya aliyesimama kwenye lango ameshika mkono wa dada yake.

Wewe nawe soma. Kozi za makocha za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) zinaanza na ngazi ya awali ya kufundisha watoto, zinapanda hadi leseni za Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Uwanja wa Karume, Ilala, ambako TFF imekuwa na ofisi kwa miaka mingi, si mbali nawe. Nenda ukaulize kozi ijayo ni lini. Soma ili umfundishe vizuri zaidi yuleyule anayeanza. Ukiitiwa timu kubwa na moyo ukataka, nenda kwa amani. Ila ukikuta umekataa, usijione umefeli. Klabu mbili kubwa hapa hazitakosa watu wa kuzigombea. Watoto wa ghorofa ya sita wanaweza kumkosa mtu mmoja mwenye mipira sita na uvumilivu.

Basi anza wiki hii. Jumatatu nenda serikali ya mtaa. Jumatano nunua mipira miwili ya namba 4 na pampu. Ijumaa zungumza na wazazi wanne wa jengo lako. Jumamosi saa tisa na nusu fika kiwanjani na mfuko wa kuokotea vizibo, na wakifika watoto, mtazame kwanza yule ambaye hajaugusa mpira.